UZI: Wayahudi halisi wa Venisi, mbali na yule Shylock wa darasani

Chaki Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Waliosoma Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wanamjua Shylock. Myahudi mkopeshaji, anampa Antonio dukati 3,000 (sarafu ya Venisi) kwa miezi mitatu, dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Tumeuigiza mchezo shuleni, tumejibu maswali ya mtihani kuhusu roho mbaya ya huyo mzee, na wengi wetu tukiambiwa "Myahudi wa Venisi" hatuna picha nyingine kichwani.

Sasa mimi nimekuwa nikiifukua historia ya ule mji, na nasema wazi: mtu wa aina ile, kwa yale anayoyafanya mle mchezoni, asingepata nafasi katika Venisi ya wakati ule. Sisemi Wayahudi wa Venisi hawakukopesha. Walikopesha sana. Ila kule kukopesha kulikuwa mzigo waliotwishwa na serikali, na mzigo huo ni sehemu ya kilichokuja kuwafilisi.

Chukua jambo moja dogo tu. Shylock anaalikwa chakula cha jioni mjini kwa Wakristo, anatoka. Nyuma yake binti yake Jessica anatoroka na mchumba, usiku huo huo, na sanduku la mali. Mchezo uliandikwa miaka ya 1590. Wakati huo Wayahudi wote wa Venisi walikuwa wanafungiwa usiku nyuma ya malango yenye walinzi. Jessica angepita wapi?

Nitashusha kidogo kidogo. Karibuni.

Fundi Saa

Nimeweka kambi hapa. Kahawa ipo, kashata zipo. Shusha mkuu.

Chaki Nyeusi

Haya, tuanze na huo mtaa.

Kabla ya 1509 Wayahudi hawakuruhusiwa kukaa Venisi kwa kudumu. Kulikuwa na miaka michache mwishoni mwa karne ya 14 walipopewa ruhusa, ikafutwa. Wakopeshaji wengi walikaa Mestre, ng'ambo ya maji, wakivuka kuja mjini kwa shughuli za siku chache. Mwaka 1509 jeshi la Venisi likapigwa vibaya Agnadello, maadui wakafika karibu na maji yanayouzunguka mji, na watu wa bara wakakimbilia mjini. Wayahudi wa Mestre na Padua wakiwemo. Serikali ilikuwa na vita na haina fedha, na wale wakimbizi wanalipa kodi na wanakopesha maskini. Wakaachwa wakae.

Mapadri wakaanza kuhubiri kwamba Venisi inaadhibiwa na Mungu kwa kuwapokea. Serikali ikajikuta katikati: kuwafukuza ni hasara, kuwaacha wametapakaa mjini ni kelele makanisani. Tarehe 29 Machi 1516 Seneti ikapitisha amri: Wayahudi wote wahamie kisiwa kimoja kidogo pembezoni, eneo la Cannaregio, kilichoitwa Ghetto Nuovo. Jina lilitokana na kiwanda cha shaba cha serikali kilichokuwa jirani zamani.

Amri yenyewe ukiisoma utaona ni watu waliokaa chini wakapiga hesabu. Wapangaji Wakristo waondoke. Wenye nyumba waruhusiwe kuwatoza Wayahudi kodi ya pango iliyozidi ya zamani kwa theluthi moja. Malango mawili yajengwe, yafungwe usiku na kufunguliwa asubuhi kengele kubwa ya San Marco ikilia. Walinzi wanne, Wakristo, walale pale pale bila familia zao. Maboti mawili yazunguke kwenye mifereji usiku kucha. Na mshahara wa walinzi na wa maboti unalipwa na nani?

Na Wayahudi wenyewe. Unafungiwa, halafu unamlipa anayekufungia.

Walioingia mwanzoni walikuwa karibu watu 700. Mwaka 1541 likaongezwa eneo la jirani, Ghetto Vecchio, kwa ajili ya wafanyabiashara Wayahudi waliotoka Dola ya Osmani. Mwaka 1633 ikaongezwa sehemu ndogo zaidi, Ghetto Nuovissimo. Makadirio ya karne ya 17 yanafika hadi karibu watu 5,000 wakati umejaa. Kisiwa hakipanuki, kwa hiyo nyumba zikapanda juu. Ghorofa sita, saba, nyingine zaidi, na ndani ya ghorofa moja wanagawa mara mbili kwa sakafu ya mbao, dari inakugusa kichwa. Katika mji ambao nyumba nyingi zilikuwa fupi kwa sababu ya matope ya chini, ule mtaa ulionekana kutoka mbali.

Tatu Bila

Mkuu usitake kutuaminisha hawa jamaa walikuwa wanyonge. Kila mtu anajua wao ndio waliokuwa na hela Ulaya nzima. Mfalme akitaka kupigana vita anamwendea Myahudi. Sasa unatuambia eti kukopesha ni mzigo? Riba inaingia mfukoni mwa nani?

Chaki Nyeusi

Tatu Bila, swali zuri ingawa umelitupa kwa hasira. "Kila mtu anajua" hiyo ndiyo niliyoifungulia uzi.

Kila baada ya miaka kadhaa serikali ya Venisi iliwapa Wayahudi mkataba wa kuishi mjini, unaoitwa condotta. Mkataba ukiisha, unajadiliwa upya, na unaweza usitiwe saini. Miji mingi ya Italia wakati huo ilikuwa na mifuko ya Kikristo ya kuwakopesha maskini kwa rehani. Venisi, muda wote wa jamhuri yake, haikuanzisha mfuko wa namna hiyo. Kazi hiyo iliwekwa ndani ya mkataba wa Wayahudi: ninyi mtakopesha maskini wetu, la sivyo hamkai.

Riba mwanzoni ilikuwa ya kueleweka, ikashushwa, ikashushwa tena. Kufikia mkataba wa 1573 ikawa asilimia 5 kwa mwaka, na mkopo ni hadi dukati 3.

Tatu, Bila. Jina lako na kiwango cha mkopo vinalingana.

Dukati tatu, wakuu, siyo elfu tatu. Mkopaji wa kweli kwenye zile benki za Ghetto alikuwa mama mfuaji nguo, mpiga makasia, kibarua wa bandarini, amebeba shuka au sufuria ya shaba au koti la baridi wakati joto limeanza. Anaweka rehani, anapewa karatasi yake, anaondoka na sarafu. Kulikuwa na benki tatu uwanjani pale, nyekundu, ya kijani na nyeusi, na inasimuliwa kwamba majina yalitokana na rangi ya zile karatasi.

Asilimia 5 kwa mwaka, ukitoa mshahara wa karani, pango la stoo, na vitu vinavyooza au kuliwa na nondo, haibaki kitu. Zile benki zilijiendesha kwa hasara, na hasara ililipwa kwa michango ya jumuiya nzima, hata Wayahudi wa miji ya bara iliyokuwa chini ya Venisi walichangishwa. Sisi tunaojua mikopo ya kausha damu tukiambiwa kuna mtu anakopesha kwa asilimia 5 kwa mwaka tungepanga foleni tangu alfajiri. Venisi walipanga foleni hiyo hiyo, kisha Jumapili wakaenda kanisani kusikia mkopeshaji akitukanwa.

Matajiri walikuwepo, sikatai. Wafanyabiashara wa meli, watu wa viungo na nguo na ngozi kutoka Levanti, yaani nchi za mashariki mwa Mediterania. Lakini hao walikuwa kundi jingine, wana mkataba wao tofauti, na nyumba zao zilikuwa Ghetto Vecchio.

Mpemba Halisi

Assalaam alaykum wana jamvi. Mwalimu, kuna jambo sijaliona. Torati nayo inakataza riba kama inavyokataza Qur'ani. Hawa waliruhusiwaje na marabi wao?

Chaki Nyeusi

Waalaykum salaam, sheikh. Torati inakataza kumtoza riba ndugu yako na inaruhusu kwa mgeni, ipo Kumbukumbu la Torati 23. Kwa hiyo Myahudi kwa Myahudi mwenzake ni marufuku, kwa Mkristo inapita. Kanisa nalo liliwakataza Wakristo kutozana riba. Kila upande ukawa na mlango mmoja ulio wazi, na milango ikaelekeana. Marabi wengine hawakuipenda kazi hiyo hata hivyo, ila kazi nyingine karibu zote zilizuiwa kwa sheria.

Kazi zilizobaki halali kwa Wayahudi wa Ghetto Nuovo: rehani, udaktari, na mitumba. Hiyo mitumba isikupite hivi hivi. Kushona nguo mpya kulikuwa mali ya vyama vya mafundi Wakristo, hivyo Myahudi aliruhusiwa kuuza kilichokwisha kutumika tu. Wakaijua kazi kiasi kwamba balozi wa nje au mgeni wa heshima akija Venisi, serikali inawaagiza Wayahudi wa mitumba wampambie jumba zima: mazulia, vitanda, mapazia. Agizo hilo nalo lilikuwa wajibu, siyo zabuni.

Nipo Ughaibuni

Wakuu, mimi naishi Mestre na kazi yangu iko Venisi, pale Ghetto napita mara nyingi. Niongezee kwa macho.

Ukiingia kutoka upande wa mfereji wa Cannaregio kuna kichochoro cha chini, sottoportego wanaita, mtu mrefu anainamisha kichwa. Angalia nguzo za mawe pembeni: kuna mashimo yaliyochongwa, hapo ndipo bawaba za lango zilikaa. Watalii wanapita wanapiga picha mkate wa mdukani, mashimo hawayaoni.

Ukiendelea ndani kidogo kuna kibao cha jiwe ukutani, cha mwaka 1704. Ni tangazo la serikali kwa Wayahudi waliobatizwa kuwa Wakristo: ukikutwa umerudi kwenye ibada za Kiyahudi, hata kwa siri, adhabu ni kamba, jela, kupiga makasia kwenye meli za dola, viboko, au kusimamishwa hadharani kwa aibu. Na anayeleta habari anazawadiwa. Maandishi mengine yamefutika, ila neno la zawadi bado linasomeka.

Halafu ukifika uwanjani, inua macho. Utatafuta sinagogi huioni, kwa sababu ziko juu, ghorofa ya mwisho. Hesabu madirisha matano marefu yaliyopangwa sambamba, moja kwa kila kitabu cha Torati. Hapo ndipo. Waliweka juu kwa sababu chini hapakuwa na nafasi na kwa sababu sinagogi haitakiwi kuwa na makazi ya mtu juu yake.

Fundi Saa

Sinagogi ngapi kwa kisiwa kidogo hivyo?

Nipo Ughaibuni

Kubwa tano, na mikusanyiko midogo mingine. Ya Wajerumani ya mwaka 1528, Canton miaka michache baadaye, ya Waitaliano 1575. Kule Ghetto Vecchio ya Walevanti na ya Wahispania. Watu wa dini moja, lakini kila kundi na lafudhi yake, chakula chake, nyimbo zake. Mjerumani hakuswali kwa Mhispania.

Bint Pwani

Uzi mtamu lakini mpaka sasa ni wanaume watupu. Wanawake wa Ghetto walikuwa wapi? Au Jessica peke yake ndiye alikuwepo?

Chaki Nyeusi

Dada umenikumbusha kwa haki.

Anza na nyumba. Myahudi hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala jengo, hata ndani ya Ghetto. Wenye nyumba wote Wakristo. Lakini jumuiya ilitambua haki ya mpangaji kubaki, wakaiita jus gazaka, mchanganyiko wa Kilatini na Kiebrania. Mwenzako hawezi kwenda kwa mwenye nyumba kuongeza dau akuondoe. Haki hiyo ikawa mali yenyewe: inarithiwa, inauzwa, na baba anampa binti yake kama mali ya kuolea. Msichana anaingia kwenye ndoa na haki ya vyumba viwili ghorofa ya nne, jina la mwenye jengo ni la mheshimiwa fulani Mkristo asiyemjua.

Kwa maskini na mayatima, Wayahudi wa asili ya Hispania na Ureno walianzisha mwaka 1613 chama cha kuwachangia mabinti mali ya ndoa. Miaka miwili baadaye ndugu zao wa Amsterdam wakakiiga.

Na kama unataka jina, basi Sara Copia Sullam. Alizaliwa karibu 1592, familia yenye uwezo, akasoma lugha na falsafa na kuandika mashairi kwa Kiitaliano. Nyumbani kwake Ghetto wakawa wanakuja waandishi na mapadri Wakristo kuzungumza naye, na kusema kweli wengine walikuja kula na kuomba fedha huku wakijaribu kumbatiza. Mwaka 1621 mmoja wao, Baldassare Bonifacio, akachapisha kijitabu kinachomtuhumu kwamba anakana roho kuwa haifi. Tuhuma hiyo ilikuwa hatari, Baraza la Kuhukumu Imani lilikuwepo mjini. Sara hakukaa kimya. Mwaka huo huo akatoa jibu lililochapwa, akaitetea imani yake na akamchambua yule bwana hoja kwa hoja, mpaka elimu yake ya Kiebrania akaitia doa. Ukimsoma unaona mtu aliyekasirika na asiyepoteza adabu hata kwa mstari mmoja.

Shakespeare angekutana naye, Jessica angeandikwa tofauti. Hayo ni mawazo yangu.

Bint Pwani

Huyo nimempenda. Ahsante.

Mpemba Halisi

Mwalimu, ruhusu niongeze jambo la Waosmani, maana hapo umepita haraka.

Mwaka 1571 Venisi na washirika wake waliwashinda Waosmani kwenye vita vya baharini vya Lepanto. Mji ukalewa furaha. Desemba ya mwaka ule Seneti ikaamua kwamba mkataba wa Wayahudi hautafanywa upya, waondoke. Shukrani kwa Mungu kwa ushindi, ndivyo walivyoona. Lakini ushindi ule haukuirudisha Saiprasi iliyotwaliwa na Waosmani, na Venisi ikalazimika kutafuta amani kimya kimya. Aliyekuwa kati katika mazungumzo kule Istanbul alikuwa Solomon Ashkenazi, daktari Myahudi mzaliwa wa Udine, msomi wa Padua, mtu wa karibu wa waziri mkuu Sokollu Mehmed Pasha. Amani ikapatikana 1573, na mwaka huo huo uamuzi wa kuwafukuza Wayahudi ukabatilishwa. Mwaka 1574 huyo Solomon akaja Venisi kama mjumbe wa Sultani, na wale wale maseneta wakampokea kwa heshima zote.

Kwa hiyo ule mkataba wa asilimia 5 aliotaja Mwalimu ni wa mwaka ule ule kitisho cha kufukuzwa kilipoondolewa. Ndiyo maana hawakubishana sana.

Chaki Nyeusi

Sheikh, hapo umepiga msumari. Mkataba ule ulisainiwa na watu waliokuwa wameshaanza kufunga mizigo.

Kwa upande wa wafanyabiashara mambo yaliwanyookea zaidi. Daniel Rodriga alihangaika miaka mingi na maofisa akiwaeleza kwamba wakifungua bandari ya Split, bidhaa za Waosmani zitapita huko hadi Venisi badala ya kwenda kwa washindani. Mwaka 1589 wakapewa mkataba wa Wayahudi wa Levanti na wa Magharibi, na hao wa Magharibi wengi wao walikuwa watu wa koo zilizobatizwa kwa nguvu Hispania na Ureno. Wakifika Venisi wanavaa kofia ya njano, wanaingia Ghetto, wanaanza kuishi kama Wayahudi na hawaulizwi walikuwa nani jana. Hebu fikiri: kuna watu walioliona lile lango wakahema kwa nafuu.

Fundi Saa

Mkuu, na vitabu? Nilisikia Venisi ndiyo ilikuwa mji wa vitabu vya Kiebrania.

Chaki Nyeusi

Ndiyo, na hapa pana kisa cha kusikitisha chenye ujinga wa kibiashara ndani yake.

Myahudi hakuruhusiwa kumiliki mtambo wa uchapaji. Aliyekuwa nao alikuwa Daniel Bomberg, Mkristo kutoka Antwerp. Aliajiri wasomi wa Kiyahudi kama wahariri na wasahihishaji, akawaombea serikalini wavae kofia nyeusi badala ya njano ili wasisumbuliwe njiani wakienda kazini. Kati ya 1519 na 1523 akachapa Talmudi ya Babeli nzima, ule mkusanyo mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, mara ya kwanza kuchapwa kamili. Mpaka leo, Myahudi popote duniani akikwambia fungua Talmudi ukurasa fulani, hesabu ya kurasa ni ile ya Bomberg.

Mwaka 1550 wachapaji wawili wa ukoo wa kiungwana, Bragadin na Giustiniani, wakagombana. Rabi Meir Katzenellenbogen wa Padua alikuwa amechapisha kwa Bragadin kitabu kikubwa cha sheria cha Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12. Giustiniani akatoa cha kwake, kile kile, kwa bei ya chini. Rabi Meir akaandika Kraków, Poland, kwa rabi mkubwa Moses Isserles, na Isserles akaamua: hairuhusiwi kununua cha Giustiniani. Ugomvi ukaenda mpaka Roma, kila upande ukimshtaki mwenzake kwamba vitabu vyake vina matusi dhidi ya Ukristo. Roma wakasema basi tuviangalie vyote. Septemba 1553 Talmudi zikachomwa Roma, na Oktoba zikachomwa Venisi kwenye uwanja wa San Marco.

Wakristo wawili wanagombea soko, wanaounguliwa maktaba ni Wayahudi.

Tatu Bila

Sawa nimekaa chini nasoma sasa. Lakini mkuu hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu wa kawaida? Mlevi, mcheza kamari, mtu wa shida? Wote wasomi na wafiwa tu?

Chaki Nyeusi

Hahaha, Tatu Bila, nilikuwa nakusubiri. Huyu hapa: Leon Modena, 1571 hadi 1648. Rabi maarufu kuliko wote wa Ghetto, mhubiri ambaye hata Wakristo walikuja kumsikiliza, na mcheza kamari asiyeponyeka.

Aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiebrania, na hakujipamba. Kijana alitunga kitabu cha kupinga kamari. Baadaye sikukuu ya Hanuka ya mwaka 1594 akapoteza karibu dukati 100 mezani. Linganisha na ule mkopo wa dukati 3. Anaapa kuacha, anarudi, anaapa tena. Viongozi wa jumuiya walipoweka marufuku ya kamari kwa kitisho cha kutengwa, Modena aliandika hukumu ndefu ya kisheria kuonyesha kwamba marufuku hiyo haikuwa halali. Na hoja zake zilikuwa nzuri! Hilo ndilo linalochekesha.

Aliorodhesha kazi 26 alizofanya ili apate riziki. Kufundisha watoto wa Kiyahudi, kufundisha Wakristo, kuhubiri, kuandikia watu barua, kutunga mashairi ya harusi na ya makaburini, kusahihisha vitabu kiwandani, ushenga wa ndoa, udalali, kuandika hirizi na kufundisha wengine kuziandika. Kiongozi wa dini wa mji tajiri kuliko mingi Ulaya, anauza hirizi ili alipe pango.

Msiba wake ni mzito. Mwanawe Mordekai alizama kwenye alkemia akitafuta kugeuza madini kuwa fedha, moshi ukamharibu mapafu, akafa 1617. Mwanawe mwingine, Zebuluni, aliuawa 1622 na vijana wa Kiyahudi wa genge la pale pale. Baba anaandika hayo kwa mkono wake.

Na huyo huyo ndiye aliyemsaidia Salamone Rossi, mwanamuziki wa kasri la mtawala wa Mantua, kuchapa Venisi zaburi na sala za Kiebrania zilizopangwa kwa sauti nyingi kama muziki wa Kiitaliano wa wakati ule. Ilikuwa mwaka 1622 na 1623. Wapinzani walikuwepo, wakisema muziki wa sinagogi usiwe wa kisasa. Ubishi wa kwaya na magitaa kumbe ni wa kale.

Bint Pwani

Mwalimu, mimi nibishe kidogo. Mchezo ni mchezo. Shakespeare alikuwa anataka watu wakae kwenye viti, siyo kuandika ripoti ya benki. Na hotuba ya Shylock ya "Myahudi hana macho?" inamtetea kuliko vitabu vingi vya wakati ule. Kwa nini umdai ukweli wa malango na riba?

Chaki Nyeusi

Dada, mchezo siudai ukweli, nawadai wasomaji. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, hivyo watazamaji wa London wengi hawakuwahi kuona mtaa wa Wayahudi wanaoishi dini yao wazi. Hotuba ile nakubali ni kubwa. Lakini darasani huwa tunaruka hotuba, tunabaki na kisu.

Mwingereza mmoja alikwenda kuangalia mwenyewe. Thomas Coryat, mwaka 1608. Alikwenda na picha kichwani ya Wayahudi wanyonge wenye sura za ajabu, akakiri kwamba alikuta watu wenye haiba nzuri na wanawake waliopambwa kama malkia. Halafu akafanya kosa la kumkabili rabi pale pale Ghetto amgeuze dini. Watu arobaini hamsini wakamzunguka, kelele juu. Kwa bahati balozi wa Uingereza, Henry Wotton, alikuwa anapita chini ya daraja kwa gondola, akamtuma katibu wake akamchomoe. Coryat akayaandika yote kitabuni bila haya.

Fundi Saa

Hahahaa balozi wa dharura. Mkuu malizia sasa, hizo benki zilifilisi watu vipi? Uliahidi mwanzoni.

Chaki Nyeusi

Naam. Tauni ya 1630 na 1631 iliua karibu theluthi ya watu wa Venisi, na Ghetto haikupona. Waliobaki wachache, michango ile ile. Simone Luzzatto, rabi, akachapisha mwaka 1638 kitabu cha kuwaeleza watawala kwa hesabu za kiuchumi faida wanayopata kwa Wayahudi: ushuru, biashara, mikopo. Hakuomba huruma hata kidogo, aliweka mahesabu mezani. Kisha vita vya Krete dhidi ya Waosmani, miaka zaidi ya ishirini, serikali ikadai michango juu ya michango. Wafanyabiashara wenye uwezo wakaanza kuhamia Livorno na Amsterdam, na kila tajiri anayeondoka anamwachia jirani yake deni la benki.

Jumuiya ikakopa ili iendelee kukopesha. Ikakopa kwa Wakristo, tena kwa riba. Mwaka 1737 ikatangaza kufilisika rasmi. Benki ziliendelea kufunguliwa asubuhi hata baada ya hapo, chini ya usimamizi wa serikali, kwa sababu maskini wa Venisi bado walihitaji dukati zao tatu.

Malango yaling'olewa Julai 1797, majeshi ya Napoleon yalipokwisha kuingia, yakachomwa moto uwanjani watu wakicheza ngoma. Walichoma malango, madeni yalibaki.

Tatu Bila

Mkuu kwa hiyo Shylock alikuwa anadaiwa?

Chaki Nyeusi

Kama angekuwa mtu wa kweli, ndiyo. Na Antonio angekuwa kwenye foleni ameshika koti.